Toleo Jipya

Kabla fundi bomba wa Wigan hajamaliza rumba yake,
mguu mmoja hewani, bendi imebana pumzi,
wakamkata.
Ukaja ule mlango mweusi, kikaja kimeza cha hotuba,
na mtu wa suti akatoka kutuambia
kwamba ametusikia.

Ametusikia nini? nikamuuliza mwiko mkononi.
Coventry nzima tulikuwa kimya, tunaangalia rumba.

Huyu wa ngapi? Nimeacha kuhesabu.
Simu yangu ni ile ile tangu Zulfa aanze sekondari,
ina ufa kutoka kona hadi kamera,
na imewaona wakiingia na kutoka mlango ule
kama wageni wa harusi wanaochungulia
kama biriani imeiva.

Juzi nayo ikanibembeleza: kuna toleo jipya.
Marekebisho madogo. Utendaji bora. Usizime kifaa.
Nikakubali, nikalala, nikaamka
tochi imehamia pasipojulikana
na betri inakata roho saa saba mchana.
Nikasema, ahaa.
Baraza jipya la mawaziri.

Dirishani jikoni kimekaa kile kioo cha umeme,
mita janja, waliniambia, ili na mimi niwe mjanja.
Hunionyesha peni zinavyokimbia nikichemsha maharage:
kijani, manjano, halafu nyekundu kama jicho la mgomvi.
Mume wangu Shekue hukifunika kwa kitambaa cha vyombo.
Asichokiona, anasema, hakimpandishi presha.
Bili ikija, kitambaa hakitoshi.

Nikamgeukia yule bibi wa ndani ya spika,
zawadi ya Zulfa, mviringo kama chungu,
anayejua mvua ya Lima na umri wa kila mwigizaji.
Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha zamu ya usiku:
mbona gesi imepanda?
Akajibu, "Nacheza nyimbo za miaka ya themanini."
Na kweli akazicheza. Shekue akatikisa mabega,
kidogo tu, msaliti.

Maureen wa ghorofa ya chini, mpishi wa shule,
amezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapa.
Mei walimrudisha kituoni: kadi ya maktaba haitoshi.
Msimamizi alisoma naye darasa moja,
alimwita kwa jina
akimfukuza.
Usiku huu amempigia kura fundi bomba mara tatu,
kwa kidole gumba, yuko kitandani,
hakuna aliyetaka kuiona sura yake.

Basi nikakasirika kwa lugha yangu.
Nikamwandikia mbunge, ubeti kamili,
maana hasira isiyo na mizani humwagika:

*Mbunge, nakuuliza, mbona gesi inapaa?*
*Mgonjwa ninamlaza, kisha narudi na njaa,*
*Nyumbani ninapunguza joto, chakula, na taa,*
*Kura yangu ulitwaa, jibu langu liko wapi?*

Jibu lilifika kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe.
Asante kwa kuwasiliana nasi. Maoni yako ni muhimu.
Mfumo umetambua kwamba umeandika Kifini.
Tafadhali thibitisha kuwa wewe si roboti:
chagua picha zote zenye taa za barabarani.

Nikachagua. Wakasema nirudie.
Nikachagua na ile yenye kipande cha nguzo tu,
kile kipande ambacho hata Mungu angesita.
Nirudie.

Waliporudi kwenye rumba, rumba imekwisha,
majaji wananyanyua kadi, watu wanalia machozi,
na sisi hatukuuona mguu ulivyoshuka.
Kwangu mimi ule mguu wa Wigan bado uko juu.

Chini, Maureen akagonga bomba kwa kijiko,
mara tatu: kapita.
Shekue akagonga mara tatu kumjibu.
Mimi niko na picha ya tisa, naivuta, naikuza,
ile ni taa
au ni dirisha la mtu?